Kutu, Joto na Nati Iliyokwama

Masika yanapokwisha katika nyanda za juu za Mbulu, fundi wa pikipiki wa Daudi hujua ni kazi gani itakayomjia. Mnyororo umelegea kwa matope na mizigo, na hauwezi kukazwa mpaka nati ya ekseli ya nyuma ifunguliwe. Nati yenyewe haifunguki. Kwa mwendesha bodaboda jambo hili si dogo, kwani aghalabu chombo si chake, na siku ikipita bila abiria hesabu ya mwenye chombo hubaki palepale. Basi humhimiza fundi atumie nguvu. Naye fundi huchukua kipande cha bomba, akakivika kwenye mpini wa spana na kukilalia kwa uzito wake wote.

Bomba hilo ni wenzo. Fundi anayesukuma kwa kani ya newtoni 300 kwenye spana yenye urefu wa mita 0.2 hupata nguvu ya kuzungusha, yaani momenti, ya newtoni-mita 60. Bomba likiurefusha mkono wa wenzo hadi mita 0.6, momenti huwa 180, ingawa fundi hakuongeza jasho lolote. Ekseli, hata hivyo, haikuongezewa uimara. Momenti ikipita kikomo cha chuma, pembe za nati huviringika, hesi husagika, au ekseli hukatika. Na kazi ya nusu saa hugeuka kuwa safari ya kutafuta ekseli nyingine mjini.

Yafaa basi kuuliza ni kitu gani hasa kinachoizuia nati. Baina ya hesi za nati na hesi za ekseli huachwa mwanya mdogo sana, nao ndio uwezeshao nati kuzunguka. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hugeuka kutu, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilicholiwa. Mwanya hujaa, kisha kutu huanza kusukuma pande zote mbili kama kabari. Lakini kutu ina udhaifu mmoja: haipindiki kama chuma, bali hupasuka. Ndiyo maana fundi mzoefu huigonga nati kwa nyundo ndogo pande zote, na huikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Mafuta ya taa, kwa kuwa ni mepesi, hupenya katika nyufa hizo kwa njia ileile yanavyopanda katika utambi wa kandili. Yaachwe usiku kucha. Grisi ni nzito mno kwa kazi hii, na petroli haifai kabisa: hukauka upesi, na mvuke wake hushika moto hata katika baridi ya Mbulu.

Hayo yakishindikana, hubaki joto. Wanafunzi wengi hudhani kwamba nati ikipashwa moto tundu lake hupungua, kwa kuwa chuma hutanukia ndani pia. Sivyo. Na ifikiriwe kwamba nati imekatwa mahali pamoja na kunyoshwa iwe kama ufito. Ufito ukipata joto hurefuka. Ukikunjwa tena uwe duara, duara hilo ni kubwa kuliko la awali, na tundu lake vilevile. Tufe na pete ya maabara ya shule huonyesha jambo hilohilo, na wahunzi waliovisha magurudumu ya mbao pete za chuma zilizopashwa moto walilijua zamani.

Kwa kila nyuzi 1 ya Sentigredi, chuma hutanuka takriban sehemu 12 katika milioni. Tundu la milimita 12, likiongezewa nyuzi 200, hupanuka kwa karibu milimita 0.03. Kiasi hicho ni pungufu ya unene wa unywele, lakini chatosha kuivunja kutu. Sharti ni kwamba ekseli ibaki baridi kuliko nati. Kwa hiyo mwali uwe mkali, uielekee nati peke yake, na kwa muda mfupi. Moto wa polepole hupasha vyote viwili, navyo hutanuka sawasawa. Bolti ya chuma iliyokwama katika kasha la injini la aluminiamu ni habari nyingine: aluminiamu hutanuka karibu maradufu ya chuma, hivyo hata vikipata joto pamoja mwanya hupatikana.

Moto na mafuta ya taa visikutane. Mafuta yaliyokwisha pakwa yafutwe kabisa, na tangi liondolewe na kuwekwa mbali, hata kama ni tupu, maana mvuke uliobaki ndani yake waweza kulipuka. Tairi na grisi ya beringi vilindwe kwa kitambaa kilicholowa maji.

Nati ikitoka, hesi hupigwa brashi ya waya na kupakwa grisi kidogo ili masika yajayo yasirudishe kutu. Hapa mafundi wengi hukosea, kwani hukaza kwa nguvu ileile ya zamani. Sehemu kubwa ya nguvu ya kukaza, karibu tisa ya kumi, kwa kawaida humezwa na msuguano. Grisi ikiupunguza msuguano huo, mkono uleule huivuta ekseli zaidi. Kwa hiyo bomba lisivikwe tena kwenye spana wakati wa kufunga.