Saa ya Mkononi na Moyo wa Mtoto Aliyelala

  Leo tunazungumza juu ya saa na bangili zinazohesabu mapigo ya moyo mtu akiwa amelala. Zimeshaingia nyumbani kwetu. Nyingine zinauzwa madukani Kakamega na Mumias pamoja na chaja za simu, nyingine zinatumwa na ndugu anayefanya kazi Qatar au Saudia. Basi swali linakuja lenyewe: mtoto akiwa na homa, naweza kumfunga saa hii usiku, nami nilale kidogo, nikijua itanionyesha akizidiwa?

Hapana, mama. Usiitegemee kwa kazi hiyo. Keti nikueleze sababu, kwa maana saa hiyo ina faida yake pia.

Igeuze uitazame upande wa chini. Utaona taa ya kijani inayometameta. Mwanga huo unaingia kidogo tu ndani ya ngozi. Moyo unapopiga, damu hujaa katika mishipa midogo na kunywa mwanga mwingi. Kati ya pigo moja na lingine damu hupungua, na mwanga mwingi hurudi. Saa huhesabu huko kupanda na kushuka. Mtu mzima akiwa ametulia usingizini, na mkanda umekaa vizuri, hesabu huwa karibu na kweli.

Lakini imetengenezwa kwa mkono wa mtu mzima. Mkono wa mtoto wa miezi sita ni mwembamba, mkanda haushiki, na mwanga unapotelea pembeni. Mtoto akijigeuza, saa huhesabu mtikisiko ikidhani ni moyo. Na kama bangili yako ni ya bei rahisi, ifunge juu ya ndizi mbivu uone. Baadhi yake zitakupa mapigo ya moyo ya ndizi!

Jambo la pili ni maana ya namba yenyewe. Moyo wa mtoto haupigi kama wako. Mtoto aliyezaliwa karibuni, na hata wa chini ya mwaka mmoja, akilala moyo wake hupiga kati ya 90 na 160 kwa dakika. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, kati ya 80 na 120. Aliyeanza shule ya msingi, kati ya 58 na 90. Mama mwenye saa iliyopangwa kwa watu wazima anaona 140 kwa kichanga chake, anaruka kitandani, kumbe mtoto ni mzima. Mwingine anaona 140 kwa mtoto wa darasa la pili aliyelala fofofo, anasema ni homa tu. Huyo wa pili ndiye wa kuharakishiwa.

Ni kweli homa huongeza mapigo, kwa kadiri ya mapigo 10 hivi kwa kila digrii moja ya joto inayopanda. Lakini huku kwetu magharibi kuna sababu nyingine iliyo karibu sana, nayo ni upungufu wa damu. Malaria huvunja chembe za damu. Ugonjwa wa selimundu, ambao uko katika familia nyingi za upande huu, nao hufanya hivyo. Damu ikipungua, moyo hulazimika kukimbia ili kufikisha hewa mwilini, hata mtoto akiwa usingizini na mwili wake hauna joto. Kwa hiyo mtoto ambaye moyo wake unaenda mbio usiku, mtazame viganja. Viweke kando ya viganja vyako mwenyewe. Vikiwa vyeupe, au ndani ya midomo kumepauka, apelekwe hospitali akapimwe malaria na damu. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa katika sehemu za Kakamega mwaka wa 2019, nayo inasaidia sana, lakini mtoto aliyechanjwa bado anaweza kuugua. Kwa hiyo chandarua kibaki, na vipimo vifanywe.

Sasa sikiliza hapa kwa makini. Katika usiku wa homa na kikohozi, jambo linalotangulia kukuonya mara nyingi si moyo. Ni pumzi. Na pumzi unaihesabu kwa macho yako, bila kununua chochote.

Mtoto akiwa amelala au ametulia, hanyonyi wala halii, funua nguo uone tumbo na kifua. Kila kinapopanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mchanga hupumua haraka kidogo, akatua, akaanza tena. Hapa ndipo ile saa yako inakufaa kweli: inakuonyesha sekunde. Simu ya kawaida nayo inatosha.

Chukua kalamu uandike. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi kabla hajatimiza mitano, 40 au zaidi. Ukifika hapo, inaweza kuwa nimonia. Usingoje kituo cha afya kizoee kukuona, nenda. Na kwa yule wa chini ya miezi miwili, hesabu mara ya pili, na ikirudi ile ile, ondoka usiku huo huo.

Tuseme saa inasema mapigo ni 118. Namba nzuri kabisa. Lakini sehemu ya chini ya kifua cha mtoto inabonyea ndani kila anapovuta hewa. Au anaguna, au midomo imekuwa ya buluu. Au hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, au ni mzito kuamka. Hapo saa haina neno la kusema. Amsha jirani, tafuta bodaboda au gari. Kama nyanya, au kukhu, anasema mtoto huyu hayuko sawa ijapokuwa kioo cha saa kimetulia, mimi ningemsikiliza kukhu.

Je, hakuna kifaa cha watoto kabisa? Kipo, lakini ni cha wodini. Jijini Nairobi, kuanzia mwaka wa 2019, watafiti wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, na baadaye katika Hospitali ya Kujifungulia ya Pumwani, walijaribu vifaa vya kufuatilia watoto wachanga bila nyaya nyingi. Kimoja huwekwa chini ya godoro, kingine hubandikwa kifuani na mguuni. Walilinganisha namba zake na mashine ya kawaida ya hospitali. Tofauti na nyumbani ni hii: kikipiga kengele, muuguzi yuko pale, na oksijeni iko ukutani.

Huko Marekani kuna soksi ya mtoto inayopima mapigo na oksijeni. Mwaka wa 2021 serikali iliwaonya watengenezaji kwamba wanaiuza bila idhini. Mwaka wa 2023 toleo jipya likaidhinishwa kwa watoto wazima tu. Bado madaktari wa watoto wa huko hawashauri vifaa vya namna hiyo kama kinga ya kifo cha ghafla usingizini. Wanashauri mtoto alazwe chali, bila mito wala blanketi kitandani mwake.

Saa ivae wewe mama. Ukiwa mjamzito, utaona mapigo yako ya usiku yamepanda kidogo kuliko zamani. Hiyo ni kawaida. Lakini ukishajifungua, ukiona moyo unaenda zaidi ya 110 nawe umelala tu, unasikia kizunguzungu au damu inatoka nyingi, mwambie mtu akupeleke hospitali sasa hivi. Moyo hukimbia kabla presha haijashuka.

Na ukiivua, iweke juu. Baadhi ya saa, na vidude vingi vya kuchezea, vina betri ndogo ya mviringo kama kifungo. Mtoto akiimeza inaweza kuchoma koo lake ndani ya saa mbili. Usimtapishe. Mkimbize hospitali, na utaje betri mara tu unapofika mlangoni.