Gongo la kriketi: bei ni ya ukavu

Mnunuzi wa gongo la kriketi hukagua mistari ya mbao, hugonga ubao kwa kifundo cha kidole, kisha huuliza bei. Anacholipia hasa ni ukavu. Gongo huchongwa kwa mwerebi, mti unaopenda maji. Kule Essex, Uingereza, hupandwa kandokando ya vijito, na hukaa miaka 15 hadi 20 kabla ya kukatwa. Ukipasuliwa, mbao zake zimejaa maji. Ncha huchovywa katika nta ili maji yasikimbilie kutokea huko na kuupasua ubao, kisha ubao hukaushwa hadi unyevu ubaki kama asilimia 10 hadi 12. Kampuni ya J.S. Wright & Sons ya Great Leighs imeishi kwa kazi hiyo tangu 1894.

Kashmir nako kuna mierebi. Ukifuata barabara ya Srinagar kwenda Jammu, ukafika Sangam, utaona vipande vya mbao vimepangwa kama minara yenye matundu ili upepo upenye. Vinakaa hapo kwa miezi, na huo ni mtaji uliolala: mwenye karakana amelipia mti na amewalipa wapasuaji, lakini hawezi kuuza kitu mpaka jua na upepo vimalize kazi yao. Anayekosa subira huuza gongo zito litakalopinda. Magongo ya Kashmir ni nafuu kuliko ya Uingereza, lakini si ya kubezwa. Wachezaji wa Oman waliyatumia katika Kombe la Dunia la T20 mwaka 2021.

Kuihama mbao haiwezekani. Desemba 1979 mchezaji wa Australia, Dennis Lillee, aliingia uwanjani Perth na gongo la alumini, likazua mzozo, na sheria ya kriketi ikaja kutamka wazi kwamba ubao wa gongo uwe wa mbao. Kwa hiyo kila aliye katika biashara hii, kuanzia mkata miti hadi mwenye duka, anapambana na maji.

Mlango wa maji ni kitako cha gongo. Hapo nyuzi za mti zimekatwa wazi, kama mirija ya majani makavu, na mpigaji husimamisha gongo papo hapo penye nyasi zenye umande. Kitako hunywa maji, huvimba na kuchomoza mbele, na kikipigwa na mpira wa kasi hupasuka kwa urefu. Klabu za Mombasa na Dar es Salaam, zenye hewa nzito ya bahari, zina kazi kubwa zaidi hapa kuliko zile za Nairobi.

Fundi mzuri haanzi na gundi. Hulaza gongo kivulini penye upepo kwa siku kadhaa, mbali na jua na moto, maana ubao uliolowa ukikaushwa kwa pupa hupata nyufa mpya. Kitako kikishatulia, hupiga msasa palipovimba, hutia gundi ya mbao kwenye ufa, hubana kwa jiriwa usiku kucha, kisha hubandika kipande cha mpira chini. Usoni hupaka mafuta ya mbegu za kitani, utando mwembamba tu. Mpini wa henzirani na maungio yake haviguswi na mafuta, kwa sababu hulegeza gundi.

Nimeona magongo mazuri yakifungiwa kwenye mifuko ya plastiki yakiwa bado mabichi kwa umande, wiki nzima, hadi mechi nyingine. Inaniuma, kwa sababu mpira wa kitako na gundi yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya gongo lenyewe. Ningekuwa mweka hazina wa klabu ya pwani, ningenunua magongo tisa badala ya kumi, na fedha ya la kumi ningeikabidhi kwa seremala wa mtaani, akinge vitako vyote tisa kabla ya mazoezi ya kwanza.