Kipenga Kutoka Eneo la Mwenzake
Uwanja wa mpira wa kikapu wenye meta 28 kwa 15, uwe Malindi, Kilifi au kwingineko, hugawanywa baina ya waamuzi: wakiwa wawili, mmoja hutangulia hadi nyuma ya mstari wa mwisho, karibu na kikapu, na mwenzake hufuata nyuma ya mchezo. Kila mmoja ana eneo lake la kutazama, ila utaratibu wa FIBA, shirikisho la kimataifa, humruhusu kupuliza faulo ya eneo la mwenzake, mradi ameiona wazi na amemwachia mwenye eneo nafasi ya kuamua kwanza. Kinachopotosha, na ambacho mashabiki hukiita upendeleo, ni pembe: aliye mbali huona mikono imegusana, asione pengo lililo kati yake. Kipenga kikishalia, mwenzake hana mamlaka ya kukitengua.