Shinjuku, Kidatu na Rekodi Nyingine za Reli

Wachukue watu wote wa Mkoa wa Dodoma, wa Nkuhungu, wa Kondoa, wa Mpwapwa, uwapitishe katika stesheni moja kwa siku moja. Sensa ya 2022 iliwahesabu 3,085,625. Hata wakipita wote bila kubaki mtoto nyumbani, rekodi ya stesheni ya Shinjuku, Tokyo, itabaki palepale: Guinness iliiandikia wastani wa abiria milioni 3.64 kwa siku, hesabu ya mwaka 2007. Ndiyo stesheni yenye pilikapilika kuliko zote duniani.

Umati mimi haunishangazi sana. Kinachonishangaza ni kwamba stesheni hiyo, iliyofunguliwa 1885, haina mwenyewe mmoja. Mashirika matano yanaleta treni zake hapo: JR East, Odakyu, Keio, Tokyo Metro na Toei, hili la mwisho likiwa mali ya serikali ya jiji. Milango ya kutokea inazidi 200. Mgeni akikosea mmoja anajikuta mtaa asioujua. Na reli zenyewe hazilingani upana. JR East na Odakyu wanatumia milimita 1,067, Keio 1,372, na Tokyo Metro 1,435. Toei ana njia mbili hapo, moja ya 1,372 na nyingine ya 1,435.

Kwa hilo la vipimo vitatu, Mtanzania asijione mnyonge. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914, ina upana wa mita moja kamili. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975, ni 1,067, sawasawa na ile ya JR East. SGR, reli yetu mpya ya kisasa, ni 1,435. Tofauti ni kwamba wenzetu wamevikutanisha vipimo vyao mahali pamoja.

Sisi tuna Kidatu, mkoani Morogoro, ambako tawi la Reli ya Kati, ya shirika la TRC, kutoka Kilosa linakutana na TAZARA. Reli hizo zimepishana milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja cha mtu mzima, na kiganja hicho kinatosha kulizuia behewa lisivuke. Kontena lazima linyanyuliwe kwa kreni kutoka behewa la huku, litulizwe juu ya behewa la kule, lifungwe upya, ndipo safari iendelee. Shinjuku hawana taabu hiyo kwa sababu mzigo wao ni watu, na watu wana miguu.

Kwa nguvu za mvuke, rekodi ya Afrika Mashariki bado wanaishikilia wazee. Garratt za daraja la 59, injini 34 za mvuke zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956, zinatajwa kuwa zenye nguvu kuliko injini zote za mvuke zilizowahi kuundwa kwa reli ya mita moja. Kila moja ilikuwa na tani 250 na ushei na ilipewa jina la mlima. Mount Gelai ipo katika makumbusho ya reli Nairobi. Ukisimama kando ya magurudumu yake unajiona mfupi.

Kwa kasi, SGR yetu inafika kilomita 160 kwa saa, wakati Madaraka Express ya Kenya, iliyoanza 2017, inakomea 120. Safari za Dodoma zilianza Julai 2024.

Ipo na rekodi ambayo hakuna anayeitaka. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni na kuigonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281, na haijatokea ajali ya reli mbaya zaidi ya hiyo nchini.

Tukirudi kwenye abiria: anayetoka Nkuhungu leo anachukua bajaji hadi stesheni ya SGR, na baada ya takriban saa tatu na nusu yuko Dar. Akitaka kuunganisha na TAZARA, kasi inaishia hapo. Anabeba mabegi yake na ndoo ya zabibu, anatafuta daladala hadi makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, penye daraja la Mfugale, kisha anapanga foleni nyingine kwa tiketi nyingine. Hata treni za mjini zilipoanza Oktoba 2012, zile wananchi walizoziita za Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ya TRL (TRC ya leo) ilishika njia ya Ubungo na ya TAZARA ikashika ya Mwakanga, kila moja na stesheni zake.

Shinjuku ingekuwa hivyo hivyo lau si kadi. JR East walitoa Suica mwaka 2001, mashirika mengine yakatoa PASMO 2007, na tangu mwaka huo kadi yoyote kati ya hizo inafungua geti la mwenzake. Kuunganisha reli za upana tofauti ni kazi ya mabilioni. Tiketi moja ya TRC na TAZARA haihitaji hata kreni, na wakubwa wa mashirika hayo mawili wanaweza kuikubali katika kikao kimoja.