Roboti, kioo na mkono uliolala baada ya kiharusi

Hebu jaribu kitu kidogo: fungua vifungo vya shati lako kisha uvifunge tena, kwa mkono mmoja tu, ule usiouzoea. Ukimaliza (kama umemaliza), fikiria mtu ambaye kila asubuhi yake iko hivyo tangu apate kiharusi. Tiba kazi inashughulika na mambo haya haya: kuvaa, kula, kuoga, kurudi shambani au dukani.

Sasa, kwa nini mkono ulale wakati tatizo liko kichwani? Kiharusi huua seli kwenye sehemu ya ubongo, na zikishakufa hazirudi. Ila seli za jirani zinaweza kujifunza kazi ile, na zinajifunza kwa kurudiarudia. Hapo ndipo penye shida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulihesabu, tendo kwa tendo, wagonjwa wanafanya nini hasa wakiwa kwenye tiba. Kwa mkono, wastani wa matendo yenye kazi ulikuwa 32 kwa kipindi. Kwenye majaribio ya wanyama, ubongo hubadilika wanaporudia mamia ya mara kwa siku. Thelathini na mbili! Sahani moja ya ugali inaweza kukufikisha hapo.

Basi wazo la roboti likaonekana jibu dhahiri: mashine haichoki, inaushika mkono na kuusogeza mara mia kadhaa. Uingereza wakaipima kwa watu 770, kwenye utafiti uitwao RATULS uliotoka mwaka 2019. Usogezaji wa mkono wenyewe uliimarika kiasi, lakini uwezo wa kuutumia mkono haukuwazidi waliopata huduma ya kawaida. Kusogeza mkono juu ya meza ukifuata alama kwenye skrini siyo kushika kikombe. Kumbe kurudia peke yake hakutoshi, inategemea unarudia nini.

Kinachonivutia zaidi ni kifaa kiitwacho Vivistim, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Kinapandikizwa chini ya ngozi ya kifua, waya wake unafika kwenye neva ya vagasi shingoni. Mgonjwa anapofanya tendo, tuseme kuinua kijiko, mtaalamu anabonyeza kitufe na neva inapata mshtuko mdogo wa nusu sekunde. Ni kama kuuambia ubongo: hili lishike. Kwenye jaribio la watu 108, wote walipandikizwa kifaa na wote walifanya mazoezi makali, zaidi ya matendo 300 kwa kipindi, ila kwa nusu yao hivi umeme haukuwashwa. Miezi mitatu baada ya mazoezi ya kliniki, waliopata nafuu ya maana walikuwa 47% upande wenye umeme na 24% upande usio nao. Na hawa walikuwa na kiharusi cha miezi tisa au zaidi, yaani watu ambao wengi wetu tungesema "ndiyo basi tena".

Mimi hiyo 24% naitazama sana. Ni watu waliofanya mazoezi tu, bila umeme wowote.

Upasuaji ni ghali na una hatari zake. Kioo je? Unakiweka wima katikati ya mikono, uliolala ukiwa nyuma yake, kisha unasogeza ule mzima huku ukitazama taswira yake. Ubongo unaona mikono miwili inafanya kazi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018, yaliyokusanya tafiti 62, yalikuta inasaidia.

Kwa hiyo mtu akija kuiuzia familia yako glavu ya umeme au mchezo wa kompyuta kwa ajili ya mzee, muulize kwanza: atarudia mara ngapi kwa siku, na atakuwa anarudia tendo gani la nyumbani? Akianza kukuelezea rangi za skrini, mpeleke mzee kwa mtaalamu wa tiba kazi, mwambie mnataka ratiba ya mazoezi ya nyumbani, na mbebe kile kijiko anachotaka kukishika tena.