UFIZI KUKATWA ILI JINO LIVISHWE KOFIA: TUULIZE KWANZA



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za mishahara, saa za kazi na nyumba za kambini. Leo tunazungumza habari za meno. Wengine watasema meno si mambo ya chama. Lakini wanachama wanaofika ofisini kwetu wameshika shavu ni wengi, na yaliyompata mwenzetu mmoja yametufundisha kwamba hata mdomoni mwa mfanyakazi kuna haki ya kulindwa.

Mwenzetu huyo ni dada anayefanya kazi ya kupakia chai katika kiwanda kimoja hapa Uganda. Siku moja saa ya chakula cha mchana alitafuna jiwe lililokuwa ndani ya maharage ya kantini. Jino lake la nyuma, ambalo lilikuwa limezibwa zamani, likavunjika upande wa shavuni mpaka usawa wa ufizi. Zahanati ya kambi haikuwa na msaada mwingine ila kung'oa. Yeye hakutaka, kwa sababu upande wa pili alikwisha kung'olewa meno mawili, na mtu asiye na meno ya nyuma hatafuni, anameza tu. Akakopa fedha, akaenda mjini kwa daktari wa meno wa binafsi.

Daktari alimwambia kuwa jino linaweza kuokolewa kwa kuvishwa kofia. Akamchoma sindano ya ganzi, akalichonga jino, kisha akakata ufizi kwa chombo cha umeme. Dada yetu hakuambiwa neno. Alijua tu aliposikia harufu ya nyama kuungua. Baada ya wiki mbili akavishwa kofia, akalipa, akarudi kazini. Lakini miezi minne ikapita ufizi ungali mwekundu, umevimba, na unatoka damu kila akipiga mswaki. Daktari wa pili alipiga picha ya eksirei, akaona ukingo wa kofia umeingia chini mno, karibu na mfupa. Ikabidi kofia itolewe, ufizi ufunguliwe, mfupa upunguzwe kidogo, na dada yetu asubiri wiki nane ndipo avishwe kofia nyingine. Jino moja alililipia mara mbili.

Hatuandiki haya ili watu wawaogope madaktari wa meno. Kukata ufizi si kosa. Mara nyingi ndiyo njia ya kuokoa jino. Kosa ni kukata bila kupima, na kukata bila kumwambia mwenye ufizi.

Kofia ya jino ni nini?

Jino likioza sana au likivunjika, kuziba peke yake hakutoshi. Daktari hulichonga pande zote likawa dogo, kisha huchukua chapa yake kwa dawa laini inayoganda. Kwa chapa hiyo fundi hutengeneza kofia ya chuma au ya kauri, nayo hugandishwa juu ya jino kwa gundi maalum.

Wenzetu wa karakana wanajua kwamba mpini wa patasi huvishwa pete ya chuma ili usipasuke ukigongwa. Kofia ya jino hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Lakini pete haishiki pasipo na mti. Vivyo hivyo, kofia inahitaji jino zima, lisilooza, lililosimama juu ya ufizi kiasi cha milimita 2 kuzunguka pande zote. Ikiwa jino limevunjikia chini ya ufizi, kofia haina pa kushika. Itang'oka, au mzizi utapasuka.

Kwa nini ufizi hukatwa?

Ziko sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni ndogo: ufizi umeota ukaingia ndani ya tundu la jino, au umefunika ukingo uliovunjika. Hapo daktari anaweza kuupunguza kidogo kwa kisu, kwa umeme au kwa mwanga wa leza, na aghalabu kidonda hupona katika wiki moja au mbili. Pengine hata kukata hakuhitajiki. Daktari husukuma ufizi kando kwa uzi mwembamba uliotiwa dawa, akachukua chapa, akautoa uzi.

Ya pili ni kubwa zaidi: jino limevunjika karibu na mfupa. Hapo kukata ufizi peke yake hakufai kitu, maana mfupa uko pale pale na ufizi utaota tena mpaka pale ulipokuwa. Daktari hufungua ufizi, hupunguza mfupa kidogo kuzunguka jino, halafu hushona ufizi chini zaidi. Baada ya hapo, kwa meno ya nyuma, kwa kawaida husubiriwa wiki 6 hadi 8 kabla ya kofia ya kudumu. Kwa meno ya mbele, ambayo yanaonekana mtu akicheka, husubiriwa miezi 3 hadi 6, kwa kuwa ufizi huendelea kujipanga.

Njiti ya kiberiti

Kisa cha kupima ni hiki. Ufizi haukulala tu juu ya jino kama blanketi. Umejishika kwenye jino juu ya mfupa, na mshiko huo ndio mlango unaozuia uchafu na vijidudu visishuke mfupani. Mwaka 1961 wataalamu watatu, Gargiulo, Wentz na Orban, walichapisha vipimo vya mshiko huo. Wastani wake ulikuwa kama milimita 2, yaani unene wa njiti ya kiberiti. Ndiyo maana madaktari wengi hutaka ukingo wa kofia uwe mbali na mfupa kiasi cha milimita 3.

Kofia ikiingia ndani ya mshiko huo, mwili haunyamazi. Ufizi huvimba na kutoka damu hata ukipiga mswaki kutwa mara tano, na mfupa huanza kurudi chini ili kutafuta nafasi yake. Hayo ndiyo yaliyompata dada yetu. Chombo cha umeme kiliondoa ufizi, lakini hakuna aliyepima umbali wa mfupa.

Tuulize maswali gani?

Mfanyakazi akiwa mbele ya daktari huona haya kuuliza, hasa anapoona koti jeupe. Lakini mdomo ni wake na fedha ni zake. Kabla ya sindano ya ganzi aulize hivi:

1. Je, ufizi wangu utakatwa? Kwa nini, na kwa kiasi gani?
2. Umepiga picha ya eksirei na kupima mpaka mfupani?
3. Ni ufizi peke yake, au na mfupa pia?
4. Nitasubiri muda gani kabla ya kofia ya kudumu?
5. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na kukata, kofia na kurudi kuangaliwa?
6. Nisipokatwa, kuna njia gani nyingine?

Swali la mwisho ni la maana. Wakati mwingine mzizi unaweza kuvutwa juu polepole kwa waya bila kupunguza mfupa, ingawa huchukua muda. Wakati mwingine jino limeharibika mno, au mzizi wake ni mfupi, na ukipunguza mfupa utalilegeza jino hilo na kuwadhuru majirani zake. Hapo afadhali kung'oa na kuweka jino la bandia kuliko kumaliza akiba kwa kofia isiyodumu. Daktari mwema atakwambia ukweli huo mapema.

Wewe nawe usimfiche. Mwambie kama una kisukari, ugonjwa wa moyo, mimba, au unatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu.

Baada ya kukatwa

Siku ya kwanza usisukutue kwa nguvu na usile vya moto. Kuanzia kesho yake sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Meno mengine yapigwe mswaki kama kawaida. Sigara iachwe, kwa kuwa huchelewesha kidonda kupona. Jino linaweza kusikia baridi kwa muda, na litaonekana refu kuliko zamani. Damu kidogo si ajabu. Lakini damu isiyokoma baada ya kubana kitambaa safi kwa nusu saa, homa pamoja na uvimbe unaozidi, au kushindwa kumeza, ni jambo la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Haki yetu

Turudi kwa dada yetu. Alipofunguliwa ufizi alipumzika siku 3 kwa karatasi ya daktari. Msimamizi akamwandika mtoro, akakatwa mshahara. Katibu wa tawi alikwenda na karatasi hiyo pamoja na Sheria ya Kazi ya Uganda ya mwaka 2006, ambayo inampa mfanyakazi mgonjwa aliyekwisha fanya kazi mwezi mmoja au zaidi mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, mradi atoe taarifa mapema na alete cheti cha daktari akitakiwa. Mshahara wake ukarudishwa. Ugonjwa wa jino ni ugonjwa.

Gharama ya jino hatukufaulu kuipata. Mwajiri alisema meno ni mambo ya mtu binafsi, wala jiwe la kantini halikuwa limeandikishwa kwenye kitabu cha ajali siku ile. Kwa daktari wa kwanza nako tulishindwa, maana dada yetu hakuwa na stakabadhi hata moja. Tunasema hivi waziwazi ili wengine wasikwame pale pale. Ukiumia kazini, hata jino, iandikishwe siku hiyo hiyo. Ukilipa, dai stakabadhi na uitunze.

Tena tukumbuke kwamba Mkataba namba 130 wa mwaka 1969 wa Shirika la Kazi Duniani unataja matibabu ya meno miongoni mwa huduma za wagonjwa. Basi viongozi wa matawi wanapokaa mezani na waajiri, maneno "matibabu ya meno" yaandikwe katika mapatano, na tena yasiishie kwenye kung'oa. Mfanyakazi anayetibiwa kwa kung'olewa tu atastaafu akiwa kibogoyo.

Dada yetu sasa anatafuna pande zote mbili. Na kantini ile, baada ya malalamiko ya tawi, maharage huchaguliwa mawe kabla ya kuinjikwa jikoni. Ni ushindi mdogo, lakini umeanzia kwenye jino moja na watu waliokubali kulisemea.