Namba ya Mgeni: Kwa Wanafunzi Wetu Wanaokwenda Uturuki



Kila mwanzo wa mwaka, maombi ya ufadhili wa masomo wa serikali ya Uturuki yanapofunguliwa, vijana wetu waliomaliza sekondari huja madrasa kuomba barua za tabia njema. Ufadhili huo, unaoitwa Türkiye Bursları tangu mwaka 2012, hulipia ada, malazi, bima ya afya, posho ya kila mwezi, na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki kabla ya masomo yenyewe. Wengine huenda kwa gharama za wazazi wao. Wote huuliza maswali yale yale: baridi ikoje, chakula kikoje, msikiti uko karibu? Hakuna anayeuliza habari ya namba. Nami sikuwa nikiijua, mpaka usiku mmoja nilipopigiwa simu.

Aliyepiga ni kijana aliyehifadhi juzuu zake hapa hapa kwetu. Alikuwa na miezi minne Uturuki. "Maalim," akaniambia, "mimi hapa si mtu." Nilidhani amegombana na wenzake wa bweni. Kumbe kadi yake ya ukaazi ilikuwa imetumwa kwa posta, ikafika kwenye anwani aliyoiandika, ikakosa mtu wa kuipokea, ikarudishwa. Anwani ile ilikuwa ya rafiki aliyemkaribisha wiki za kwanza, na rafiki mwenyewe alikwisha kuhama. Benki ilimwambia alete kadi. Kwenye bima aliambiwa vivyo hivyo. Jina la baba yake, ambalo hapa mtaani likitajwa anapewa kiti, kule halikumfaa kitu.

Namba anayopewa mgeni Uturuki huitwa Yabancı Kimlik Numarası. Yabancı ni mgeni. Kimlik limetokana na kim, yaani "nani". Ni namba yenye tarakimu 11, sawa na ya raia, ila ya mgeni huanza na 99. Namba yetu ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo mwenye kuitazama hujua umri wako. Hii ya 99 haisemi umri wala nchi uliyotoka. Inasema tu kwamba wewe ni mgeni, na mengine yote yako kwenye kumbukumbu za serikali.

Msiichanganye na namba ya mlipa kodi, yenye tarakimu 10. Hiyo mtu huweza kuipata kwa pasipoti peke yake, siku chache tu baada ya kufika, na wengi wakishaipata hudhani wamemaliza kazi. Bado.

Namba ya 99 hufuatana na kibali cha ukaazi. Waturuki hukiita ikamet, na mwanafunzi wa madrasa hapaswi kuhangaika na neno hilo, kwani ni lile lile iqama mnalolijua. (Hata ofisi yao ya uandikishaji wa watu, Nüfus, jina lake ni nufus ya Kiarabu, wingi wa nafsi. Mwenye Kiarabu kidogo hatapotea sana kule.) Zamani vibali hivi vilitolewa na polisi. Sheria namba 6458 ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika kikamilifu Aprili 2014, ilivikabidhi kwa idara maalumu ya uhamiaji, Göç İdaresi. Mwanafunzi huingia kwa viza ya masomo aliyoiombea ubalozini, hujiandikisha chuoni, kisha huomba ikamet ya mwanafunzi. Vyuo vingi vina ofisi ya wanafunzi wa kigeni inayosaidia jambo hili. Ianzeni hiyo kabla ya kumwendea mtu yeyote. Hutakiwa pasipoti na nakala yake, picha ndogo za pasipoti, cheti cha kuwa mwanafunzi, uthibitisho wa bima, malipo ya kadi, na anwani.

Sasa nisimame kwenye mambo mawili, kwa sababu ndiyo yanayowaumiza watoto wetu, na yote mawili huanzia huku nyumbani.

La kwanza ni jina. Sisi waalimu tunabeba sehemu ya lawama. Tunamwandika mtoto Khadija kwenye daftari la madrasa, shule inamwandika Hadija, cheti cha kuzaliwa kinasema Hadidja, na pasipoti inatoka kwa jinsi karani alivyosikia. Kwa herufi za Kiarabu jina ni moja na hakuna anayekosea. Kwa herufi za kizungu ni watu watatu. Na Waturuki wenyewe humwita Khadija kwa jina la Hatice, kwa hiyo karani wa kule hana sikio la kukusaidia. Yeye hufuata herufi za pasipoti, basi. Namba hufungwa kwenye jina lile. Ikiwa cheti cha shule kina jina jingine, chuo kitauliza mwenye cheti ni nani. Binti mmoja wa hapa alikaa wiki nyingi akisubiri hati ya kiapo kutoka nyumbani kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye, kisha hati hiyo ikatafsiriwa Kituruki na kugongwa muhuri wa mthibitishaji, wanayemwita noter. Kila hatua ilikuwa na malipo, na baba yake ni mvuvi.

Kadhalika mpangilio wa majina. Sisi hatuna jina la ukoo kwa maana yao. Tuna jina letu, la baba na la babu. Pasipoti hulilazimisha la mwisho kuwa la ukoo. Mwanafunzi ajue pasipoti yake imegawaje majina, na ajaze fomu zote vivyo hivyo, hata kama nyumbani anaitwa vingine.

La pili ni anwani. Kule anwani ni sehemu ya utambulisho wako. Kadi hutumwa hapo kwa posta yao, PTT. Ukihama nyumba, una siku 20 za kazi kutoa taarifa. Tena si kila mtaa unapokea wageni: tangu tarehe 1 Julai 2022 mitaa 1,169 ilifungwa kwa uandikishaji wa wageni wapya, kwa kuwa idadi yao hapo ilikuwa imepita asilimia 20 ya wakaazi. Basi kabla ya kulipa kodi ya chumba, uliza kama mtaa uko wazi. Wapo madalali wanaouza anwani: unaandikwa nyumba hii, unalala ile. Kijana hushawishika kwa kuwa ni rahisi na wengi wanafanya. Huo ni uongo ulioandikwa na kutiwa saini, na siku ofisa akibisha hodi asikukute, kibali chako kiko hatarini. Yule kijana wa simu hakudanganya kwa makusudi, lakini alipata taabu ya aliyedanganya.

Mengine nayapita haraka. Anayejilipia masomo ana miezi 3 tangu kujiandikisha chuoni kuomba bima ya afya ya serikali, SGK, kwa bei ya mwanafunzi. Akiipitisha, nafasi hiyo humpotea. Simu uliyotoka nayo nyumbani hufungwa baada ya siku 120 isiposajiliwa kwa ada. Ukishapata namba, nenda PTT na kadi yako uchukue neno la siri la e-Devlet, mtandao wa huduma za serikali. Humo utachapa hata cheti cha kuwa mwanafunzi bila kupanga foleni.

Na wazazi mfahamu hili: namba si ruhusa. Namba 99 hubaki ni ile ile kadi ikibadilishwa, lakini kibali kina tarehe ya mwisho. Maombi ya kuongeza muda hupokelewa kuanzia siku 60 kabla ya tarehe hiyo, na si baada ya kupita. Vilevile kuwa na namba hakumpi mtoto haki ya kuajiriwa; kazi ina kibali chake. Kwa hiyo msimhimize atume fedha nyumbani mwaka wa kwanza. Nimeona barua za namna hiyo, na nimeona zilikomfikisha aliyezipokea.

Yule kijana alipata kadi yake baada ya kurekebisha anwani, alhamdulillah, na sasa yuko mwaka wa tatu.

Mwaka huu, wanaokusudia kuomba walete cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, na pasipoti kama ipo, siku ya Jumamosi baada ya Alasiri. Tutazisoma herufi moja baada ya moja, mzazi akiwapo. Asiye na pasipoti bado ndiye mwenye bahati zaidi, kwa kuwa lake linaweza kurekebishwa kabla halijachapwa.